Kabla Mwanafunzi Hajanunua Kopo la Virutubisho

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, msimu wa korosho nao ukiwa umeanza, wazazi wa Chiwata, Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hukutana na swali lilelile. Kijana amepiga simu kutoka Dar es Salaam, Dodoma au Mtwara mjini. Ada imelipwa, chumba kimepatikana, sasa anaomba hela ya virutubisho. Anasema mwili hauna nguvu, kichwa hakishiki, damu imepungua. Mzazi hajui kama hiyo ni shida ya kweli au ni mambo ya mjini. Wanafunzi nao wana maswali yao: kipi kinafaa, kipi ni uongo, na vinaweza kudhuru?

Jibu fupi ni kwamba wengi hawavihitaji, wachache wanavihitaji sana, na kopo halina namna ya kumwambia mtu yuko upande gani. Yanayofuata ni kwa ajili ya kumsaidia ajue.

Sababu wanazotoa

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya wanafunzi 1,248 wa vyuo vikuu vitano vya huko. Asilimia 66 walikuwa wanatumia virutubisho. Walipoulizwa sababu, karibu robo tatu walisema ni kwa ajili ya afya kwa ujumla. Waliotaka kuongeza nguvu walikuwa asilimia 29, na waliotaka misuli asilimia 20. Sababu iliyoongoza ndiyo isiyopimika. Mtu anayemeza kidonge kwa ajili ya "afya kwa ujumla" hawezi kujua lini kimemsaidia, kwa hiyo hajui lini aache kununua.

Kwenye mabweni ya Tanzania sababu husemwa kwa maneno mengine:

- "Damu imepungua." Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ni kizunguzungu cha saa nane mchana kwa mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana usiku.
- "Nataka kukesha." Hii huja wiki za mitihani, hofu ya sapu, yaani mtihani wa marudio, inapopanda.
- "Nataka mwili." Wavulana husaka misuli, wasichana wengine husaka kunenepa, wengine kupungua.
- "Nywele zinakatika, ngozi imefifia."
- "Rafiki yangu anauza." Hii haitajwi sana, ila pengine ndiyo inayouza makopo mengi kuliko zote.

Mwanafunzi ajiulize kwanza: nataka kurekebisha nini hasa? Akishindwa kujibu kwa sentensi moja, asubiri.

Tazama sahani kwanza

Posho ya chakula na malazi kwa wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Lakini haitoki kila siku. Bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, likiingia huingia kwa mkupuo, na kila aliyepita chuoni anajua mwendo wake: wiki za mwanzo ni chipsi kuku, wiki za mwisho ni pasi ndefu, yaani mlo mmoja unaobeba siku nzima. Katikati ya hapo ndipo kopo la multivitamini linaponunuliwa.

Kidonge cha multivitamini kina vitamini na madini, lakini hakina nishati wala protini ya kuhesabika. Aliyechoka kwa njaa atakimeza na kubaki na njaa yake. Fedha ya kopo ingemlisha mayai na maharage kwa siku kadhaa.

Kabla ya kwenda dukani, aandike kwa siku tatu mfululizo mambo haya, bila kujidanganya:

- alikula nini na saa ngapi;
- alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi;
- alikunywa maji kiasi gani, na soda au vinywaji vya enaji vingapi.

Karatasi hiyo ikionyesha usingizi wa saa nne na chai kwa andazi kutwa, uchovu umeshapata jina.

Pima kabla ya kumeza

Lalamiko la damu lisidharauliwe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Tatizo ni kwamba damu hupungua kwa sababu nyingi: lishe yenye madini chuma kidogo, malaria, minyoo ya safura, kichocho, hedhi nzito, selimundu. Vidonge vya kuongeza damu vinajibu moja tu kati ya hizo moja kwa moja.

Pemba ilitoa somo ambalo dunia nzima ililisikia. Watoto wa mwezi mmoja hadi miezi 35 walipewa madini chuma na asidi ya foliki kila siku, katika kisiwa ambacho wakati huo kilikuwa na malaria nyingi. Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa madini hayo walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa kuliko wenzao. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli walinufaika. Hao walikuwa watoto wachanga na wadogo, na hatari yao si hatari ya mwanafunzi wa miaka 21. Hata hivyo, kidonge kilekile kilimfaa aliyepungukiwa na kikawa mzigo kwa asiyepungukiwa, na waliojua nani ni nani ni wale waliopima.

Kwa hiyo:

1. Nenda zahanati ya chuo ukapimwe wingi wa damu. Ukiwa likizo nyumbani, kuna hospitali ya Mkomaindo pale Masasi na ya Mtakatifu Benedikto Ndanda.
2. Damu ikiwa ndogo, uliza chanzo. Malaria, choo na mkojo vipimwe kabla ya kuandikiwa vidonge.
3. Ukiandikiwa, uliza ni miligramu ngapi, kwa muda gani, na lini urudi kupimwa tena. Bila siku ya kurudi, matibabu hayo yamekatwa nusu.
4. Usimeze pamoja na chai. Majani ya chai huzuia madini chuma yasifyonzwe. Chungwa au pera husaidia. Choo kuwa cheusi ni kawaida.
5. Mwenye selimundu asianze madini chuma bila daktari anayemfuatilia.
6. Usigawane na mwenzako wa chumbani, hata kama dalili zenu zinafanana.

Geuza kopo, soma nyuma

Mbele ya kopo kuna jua linachomoza, mtu anakimbia na maneno makubwa ya dhahabu. Hayo hayasaidii. Ligeuze. Nyuma kuna jedwali lenye herufi ndogo, na hapo ndipo pa kutuliza macho.

Mstari wa kwanza unasema kipimo cha kumeza. Mara nyingi ni vidonge viwili au vitatu, si kimoja, kwa hiyo kopo la vidonge 60 linaloonekana la miezi miwili huisha kwa siku 30 au hata 20. Hapo bei inabadilika ghafla.

Mstari unaofuata ni wa viwango. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 75 hadi 90 za vitamini C kwa siku. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji huwa na 1,000. Kinachozidi sehemu kubwa hutoka na mkojo. Vitamini A haitoki hivyo: hujikusanya kwenye ini, na kikomo kwa mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku. Ikizidi mapema katika ujauzito inaweza kumharibu mtoto tumboni. Anayemeza multivitamini, kidonge cha nywele na mafuta ya ini la samaki kwa pamoja anaweza kuvuka kikomo hicho bila kujua, maana kila kopo linajihesabu peke yake.

Lirudishe kopo kwenye rafu ukiona:

- "mchanganyiko maalumu" usioonyesha kila kitu kimo kwa kiasi gani;
- madai ya kutibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume kwa mkupuo;
- maelezo kwa lugha ambayo wewe na muuzaji wote hamuisomi;
- tarehe ya mwisho iliyofutwa au kubandikwa upya.

Wengi huuliza nani anakagua vitu hivi. Tangu mwaka 2019 masuala ya chakula na vipodozi yalihamia Shirika la Viwango (TBS), na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ikabaki na dawa na vifaa tiba. Tiba asili ina Baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Muuzaji wa kweli ataweza kusema bidhaa yake imesajiliwa na nani. Kusema "inatoka Marekani" si jibu: sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimlazimu mtengenezaji wa virutubisho kuthibitisha kwamba vinafanya kazi kabla ya kuviuza. Steve Bechler, mchezaji wa besiboli mwenye miaka 23, alifariki Februari 2003 baada ya kutumia kirutubisho cha kupunguza mwili chenye mmea wa ephedra. Marufuku ya mmea huo katika virutubisho ilikuja 2004.

Muuzaji akiwa rafiki

Biashara ya mtandao imeingia sana vyuoni. Mwanafunzi hununua bidhaa, huwasajili wenzake, na hupata kamisheni kwa wanachonunua. Hakuna ubaya kwa mwanafunzi kujitafutia. Ubaya ni pale anayetegemea kamisheni anapogeuka mshauri wa afya, tena akiwa na mashine ya kushika mkononi inayodai kusoma ini, figo na damu kwa dakika moja. Kipimo cha damu kinahitaji damu.

Kumkatalia rafiki ni kugumu, kwa hiyo jibu liandaliwe mapema: "Nitumie picha ya nyuma ya kopo, nimwonyeshe mfamasia kwanza." Asiye na la kuficha ataituma. Akianza na ushuhuda wa shangazi yake aliyepona, mazungumzo yamekwisha.

Vidonge vya kunenepa si virutubisho

Hapa ushauri unabadilika kuwa onyo. Vidonge vinavyouzwa kimyakimya kwa wasichana wanaotaka kunenepa mara nyingi ni dawa kamili: cyproheptadine, ambayo ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, na dexamethasone, ambayo ni steroidi. Matumizi haya yameandikwa na watafiti hata Kinshasa. Dexamethasone hupandisha sukari na presha, hupunguza kinga, na uso huvimba mtu akadhani amenawiri. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikate ghafla. Mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuacha kwa mkupuo kunaweza kumwangusha. Aende kwa daktari, aeleze ukweli, apangiwe namna ya kuacha.

Wavulana wasicheke. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekamata mara nyingi virutubisho vya "asili" vya nguvu za kiume vilivyochanganywa sildenafil kwa siri.

Vinapogongana na dawa

Mwanafunzi akiwa kwenye dozi, amtajie mfamasia kila anachomeza, hata kile anachokiita chakula tu.

- Ciprofloxacin na doxycycline hunaswa na madini chuma, kalsiamu na zinki tumboni, na dawa ikashindwa kufanya kazi. Ciprofloxacin imezwe saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baadaye.
- Dolutegravir, iliyomo katika ARV zinazotumika sana sasa, huzuiwa vilevile na kalsiamu na madini chuma. Kliniki itampa mtumiaji ratiba; asiache ARV wala asijipangie mwenyewe.
- Bayotini ya nywele na kucha huharibu majibu ya baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya moyo na tezi. Mtumiaji amwambie mtoa vipimo.

Wiki za mitihani

Kafeini inafanya kazi, hakuna haja ya kubisha. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa wakati mmoja. Kopo la enaji la mililita 250 mara nyingi lina kama miligramu 80. Ongeza kahawa mbili na "vidonge vya kukesha" vya mwenzako, hesabu inapita bila kelele. Moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka, acha. Usichanganye enaji na pombe: kafeini huficha ulevi, haiuondoi.

Kilichosomwa usiku hushika vizuri mtu akilala. Anayekesha siku tatu kwa enaji kisha akatafuta kidonge cha kumbukumbu analipa mara mbili.

Begi la kutoka nyumbani

Mzazi anayeuliza atume hela ya kopo au la ana njia nyingine, na iko shambani kwake. Mabweni mengi hayaruhusu kupika, kwa hiyo kinachofaa ni kile kinacholiwa bila jiko: korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, karanga, ufuta uliokaangwa na kutwangwa wa kunyunyizia kwenye uji au wali wa mama lishe, dagaa waliokaangwa wakakauka. Korosho zina kama gramu 18 za protini katika kila gramu 100, pamoja na zinki na madini chuma. Ufuta usiokobolewa una kalsiamu nyingi kuliko maziwa kwa uzito uleule. Wapiga chuma wanaoulizia unga wa protini wafanye hesabu: mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 za protini kwa siku. Mayai mawili yana 12, gramu 50 za karanga zina 12, gramu 100 za mbaazi kavu zina kama 21, na ugali nao unaleta chake. Anayenyanyua vyuma kwa dhati anaweza kuhitaji hata mara mbili yake. Kwake unga wa protini ni njia ya mkato yenye bei, si dawa.

Mbaazi hiyo ndiyo ambayo India iliwekea ukomo wa kuinunua mwaka 2017 na bei ikaporomoka. Wakulima walilia na soko, na watoto wao chuoni wakaendelea kununua protini ya kopo.

Na mabibo? Bibo la korosho lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa, na kila msimu mabibo huozea chini ya mikorosho, ukiacha yale yanayoishia kwenye uraka, pombe ya mabibo. Halisafiri hadi Dar es Salaam, ni kweli. Mwanafunzi aliye mjini atumie pera.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye begi hilo: karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, maana sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa. Na unga wa muhogo mchungu usitoke nyumbani kabla ya kuandaliwa sawasawa, kwa sababu itakayoonekana hapa chini.

"Lakini…"

*"Ni vya asili, havina madhara."* Muhogo mchungu ni wa asili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ya watoto na wanawake vijana waliokula muhogo wenye sianidi ambao haukuandaliwa vizuri, tena bila protini ya kutosha. Vidonge vya mlonge navyo viulizwe maswali yaleyale ya kopo lolote.

*"Vitamini C imenikinga na mafua."* Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba kwa watu wa kawaida haizuii mafua, ila kwa wanaoitumia kila siku hufupisha siku za kuugua kwa kiasi kidogo.

*"Nilipoanza kuvitumia nilipata nguvu."* Huenda. Je, wiki hiyohiyo bumu halikuingia?

Wanaovihitaji kweli

Wapo, na wasione aibu: aliyepimwa akakutwa na upungufu; mjamzito, ambaye kliniki humpa madini chuma na asidi ya foliki; mwanamke anayepanga kupata mimba, ambaye anashauriwa mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kabla hajashika mimba; na asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa ajili ya vitamini B12. Anayesoma Uingereza na nchi nyingine za baridi afuate ushauri wa huko wa vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na baridi. Jua la Newala halimfikii.

Aliyekwisha kumeza na sasa anaona macho ya njano, mkojo wa rangi ya kola, vipele au moyo kwenda mbio asimalize kopo kwa kuogopa hasara. Aache, aende hospitali akiwa na kopo lenyewe mkononi, kwa sababu daktari anahitaji jedwali la nyuma. Mwenye bima ya afya ya mwanafunzi ameshalipia kumwona daktari, basi aende kabla ya kopo la kwanza.